Kalipa za Hilux kwenye Datsun 240Z

Nimepotea, najua. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, kisha nikanyamaza miezi mitatu. Wawili watatu mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kazi ya programu. Sijaacha. Ila kila Jumamosi, na Jumapili nyingi pia, nimekuwa chini ya gari badala ya kuwa mbele ya tarakilishi. Leo sina msimbo wa kuwaonyesha, nina habari za breki tu. Walio na haraka ya hifadhidata wanivumilie kidogo. Kuna hesabu humu, na kuna hitilafu moja iliyonihangaisha wiki mbili nzima, kwa hiyo sidhani nimetoka mbali sana na mambo tuliyozoea hapa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Kwa wasiolijua, ni gari la michezo la viti viwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nissan walianza kulitengeneza mwaka 1969. Ulaya na Marekani lilijulikana kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko magari mengine ya mbio kama lilivyo. Hapa kwetu lilijulikana kwa sababu nyingine: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za East African Safari, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena na gari la aina hiyo hiyo. Mara ya pili Mehta alilingana kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa pia kwenye Datsun, ikabidi mshindi apatikane kwa kanuni ya kutenganisha waliofungana.

Baba yangu alikuwa na miaka 11 mwaka 1971. Anasema aliliona moja likipita karibu na kwao Naivasha, jekundu, boneti nyeusi, limejaa matope hadi madirishani. Hadi leo hajui aliyekuwa akiendesha ni nani, na hajali. Miaka ishirini baadaye alilikuta moja kwenye gereji Thika, halina injini, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, akalinunua kwa mshahara wa karani. Lilimchukua miaka tisa kulifanya litembee. Kwa hiyo nilipozaliwa, gari lilikuwa tayari sehemu ya nyumba, na mama alikuwa amekwisha kuchoka nalo.

Siku hizi baba haendeshi. Macho yamemsumbua na daktari amemwambia aache. Mimi ndiye dereva, yeye anakaa kushoto na kunisahihisha.

Siku breki zilipopotea

Ilikuwa Agosti 2024. Tulikuwa tukiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu kwa barabara ya chini, ile inayosemekana na kila mtu kuwa imejengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili, na kwa kweli ni wao walioijenga. Mnaijua: upande mmoja mlima, upande wa pili bonde, na katikati malori ya kontena yanayokwenda Malaba na Busia.

Nilikuwa nyuma ya lori moja hivyo. Nikawa nakanyaga breki kidogo kidogo, naachia, nakanyaga. Nilikuwa gia ya nne. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Baada ya dakika chache nikasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Nikakanyaga tena na pedali ikazama. Haikugonga mahali pagumu, ilizama tu, kama mtu anayekanyaga godoro. Nikapiga mara ya pili, ya tatu, ikashika kidogo. Nikavuta breki ya mkono, nikalazimisha gia ya pili, injini ikalia, na tukasimama pembeni tukiwa na labda mita mbili kati ya ile boneti ndefu na chuma cha nyuma cha lori.

Baba hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Usimwambie mama yako."

Jioni ile akasema jambo la pili, ambalo sikulitarajia: "Tuliuze." Kuna bwana mmoja ambaye amelitaka gari hili kwa miaka mingi, na baba kila mara humcheka kwenye simu. Safari hii hakucheka. Aliniambia hawezi kulala akifikiria kwamba kitu alichokipenda yeye kitakuja kuniua mimi. Nikamwomba miezi mitatu. Akakubali, ila akampigia yule bwana simu na kumwambia aje mwezi wa kumi na moja.

Kwanza hesabu

Kama kawaida yangu, nilipofika nyumbani nilifungua lahajedwali kabla ya kufungua gurudumu.

Breki haziui mwendo. Zinaubadilisha kuwa joto. Gari letu likiwa na watu wawili ndani lina uzani wa kilo 1,200 hivi. Likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, lina nishati ya kilojuli 463. Ukitaka kulisimamisha, hizo kilojuli zote lazima ziende mahali, na karibu zote zinaingia kwenye diski, pedi na drami. Ni joto linalotosha kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji ya chai, Nairobi ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Na kumbuka nishati hufuata kipeo cha pili cha mwendo: kwa kilomita 50 ni robo tu ya hiyo.

Sasa njoo kwenye mteremko. Kila gari hili linapoteremka mita 100 kwenda chini (kwenda chini, si urefu wa barabara), linatoa kilojuli 1,177. Hiyo ni sawa na kulisimamisha mara mbili na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa. Ukiwa gia ya nne injini haikusaidii sana, kwa hiyo breki zinabeba karibu zote. Mita 100, kisha 100 nyingine, kisha nyingine, bila nafasi ya kupoa.

Mafuta ya breki nayo yana tabia moja mbaya. Yanavuta unyevu hewani. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishaingia maji, kiwango kinachokubaliwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa. Mafuta hayabanwi. Ndiyo maana pedali ilizama: mguu wangu ulikuwa ukibana mvuke badala ya kusukuma pistoni.

Ni vizuri kujua tofauti hii, inaweza kukufaa hata kwenye Probox. Pedali ikizama kama godoro, shida ni mafuta yaliyochemka au upepo kwenye mabomba. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halitaki kusimama, shida ni pedi zilizopata moto kupita uwezo wake.

Kwa nini Hilux

240Z lilitoka kiwandani na diski za mbele zisizo na matundu ya kupitisha hewa, zenye kipenyo cha milimita 271, na kalipa zenye pistoni mbili, moja kila upande. Nyuma ni drami. Kwa mwaka 1969 hizo zilikuwa breki nzuri. Shida ni kwamba pedi ni ndogo, na kalipa za asili zikishika kutu hazipatikani kirahisi.

Wapenzi wa gari hili duniani waligundua jambo miaka mingi iliyopita. Kalipa za Toyota Hilux ya four-wheel ya mwaka 1979 hadi 1985, zile zinazojulikana kama S12-8, zina pistoni nne, pedi kubwa zaidi, na mashimo yake ya bolti yanalingana na ya 240Z. Zinaingia juu ya diski ile ile. Ndugu yake, S12W, ni pana zaidi kwa ajili ya diski nene zenye matundu katikati, na hiyo inataka kubadilisha diski pia na kuongeza vipande vya kusogeza. Nilichagua S12-8 kwa sababu sikutaka kubadilisha vitu vingi kwa pamoja. (Subirini mwone kama nilifuata kanuni hiyo.)

Nilicheka sana niliposoma kwamba watu wa Marekani wanaagiza kalipa hizi kwa posta. Sisi tunaishi kwenye nchi ya Hilux! Nilikwenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na kwenye duka la tatu nikapata jozi, zimevuliwa kwenye gari, na kwenye kila moja mtu ameandika kwa kalamu nyeupe: KUSHOTO, KULIA. Nikanunua na pedi mpya, na kifurushi cha mipira ya pistoni.

Nisichoke kusema hili: pedi kubwa hazifanyi gari lisimame kwa umbali mfupi mara ya kwanza. Umbali huamuliwa na tairi. Kama tairi na lami vina mshiko wa 0.8, kutoka kilomita 100 utasimama baada ya mita 49 hivi, uwe na pistoni mbili au kumi na mbili, ilimradi breki zako zina nguvu ya kutosha kufikisha tairi kwenye kikomo chake. Faida ya kalipa kubwa ni mara ya kumi. Joto linagawanywa kwenye eneo kubwa, na unapata breki ile ile mwisho wa mteremko uliyokuwa nayo mwanzo wake.

Fundi

Nilimpelekea fundi mmoja mzee aliyekuwa akimsaidia baba tangu zamani. Ana gereji ya mabati, shimo moja, na redio. Alizigeuza kalipa mkononi, akazirudisha mezani.

"Hizi ni nzuri," akasema. "Hosi zako zina miaka mingapi?"

Sikujua.

"Kabla ya kuongeza, rekebisha kilichopo."

Akakata hosi moja ya mpira kwa kisu na kunionyesha. Nje ilikuwa nzima. Ndani ilikuwa imevimba hadi tundu limebaki kama la sindano ya viatu. Mafuta yalikuwa yanapita kwa nguvu wakati wa kukanyaga, lakini yanachelewa kurudi, kwa hiyo pedi zilikuwa zinabaki zimegusa diski hata mguu ukitoka. Yaani nilikuwa ninateremka Mai Mahiu huku breki zikijipika zenyewe. Mafuta yaliyotoka kwenye kalipa za zamani yalikuwa na rangi ya kahawa.

Ningeweza kuweka pistoni nne, au nane, na tatizo lingebaki pale pale. Nimewahi kufanya hivyo kazini: mfumo unachelewa, tunanunua seva kubwa, na baada ya mwezi unachelewa tena kwa sababu tatizo ni swali moja bovu kwenye hifadhidata. Nilijua somo hilo. Sikulitambua likiwa limevaa nguo za mpira.

Basi tukabadilisha hosi zote, mipira ya silinda za nyuma, na pedi za drami. Kisha ndipo fundi akaniruhusu kufunga kalipa. Alisema nifunge mwenyewe, yeye ataangalia.

Kufunga

Kazi yenyewe si ngumu kama una subira:

1. Jeki, kisha stendi. Usiwahi kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Toa kalipa ya zamani, ziba bomba ili mafuta yasimwagike. Mafuta ya breki hula rangi ya gari. Nina alama kwenye bampa kuthibitisha.

3. Fungua kalipa ya Hilux, toa pistoni kwa upepo wa kompresa (weka kipande cha mbao katikati, inaweza kuruka na kukuvunja kidole), safisha, weka mipira mipya ukiilainisha kwa mafuta ya breki mapya. Usitumie grisi ya kawaida, mpira utavimba.

4. Bati la vumbi nyuma ya diski litagusana na kalipa mpya. Likate au likunje.

5. Funga bolti kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu cha gari.

6. Jaribu gurudumu kabla ya kuendelea, lizungushe kwa mkono, hakikisha rimu haigusi kalipa.

7. Tengeneza bomba jipya la chuma, kwa sababu tundu la kuingizia mafuta haliko mahali pale pale.

Hiyo namba saba ilinichukua Jumamosi mbili. Kukunja bomba bila kulibana ni ufundi. Niliharibu manne. La tano na la sita yalitoka mazuri mno, yamefuata umbo la chuma kama yalizaliwa pale. Nilimpigia picha kila mmoja wenu aliye kwenye orodha yangu ya barua pepe, samahani kwa hilo.

Hitilafu

Tukamimina DOT 4, tukaanza kutoa upepo. Mnajua utaratibu: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nipo, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, wa kwanza anaachia. Tukaanza gurudumu la mbali, tukamaliza na la karibu.

Pedali ilikuwa godoro.

Tukarudia. Godoro. Nikanunua chupa nyingine ya mafuta, tukarudia jioni nzima. Ukipiga pedali mara mbili, ya pili inakuwa ngumu kidogo. Ukingoja, inarudi laini.

Hapo ndipo msomi akaingia kazini. Nilikuwa nimepima pistoni za Hilux kwa vernier na kuona jumla ya eneo lake ni kubwa kidogo kuliko za zamani. Pistoni kubwa zinataka mafuta mengi zaidi ili zisogee, kwa hiyo pedali lazima isafiri zaidi. Jibu ni masta silinda kubwa. Ya asili ni inchi 7/8, eneo la milimita za mraba 388. Ya inchi 15/16 ina 445, yaani asilimia 15 zaidi. Kila kitu kilikuwa kwenye lahajedwali, na grafu. Nikatafuta ya 15/16, nikafunga, tukatoa upepo tena.

Godoro. Gumu kidogo, lakini godoro.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Yule bwana mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi ya wiki ile. Nilikuwa nimechukua likizo ya siku mbili, mikono imepasuka, pesa zimekwisha. Nikamwambia fundi, "Mzee, ukipiga mara mbili inashika. Nitaiendesha hivyo polepole hadi nyumbani, nionyeshe baba, nitamalizia baadaye."

Yeye hakujibu. Alikwenda kwenye mlango wa gari, akachomoa ufunguo, akauweka mfukoni mwa ovaroli yake.

"Breki ya kupiga mara mbili si breki," akasema. "Baba yako ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe."

Nilikasirika sana, nawaambia ukweli. Nilitoka nje nikasimama barabarani kama mtoto. Kazini, tukikosea, tunarudisha toleo la zamani na maisha yanaendelea. Mara nyingi mteja hata hajui. Nilikuwa nimeizoea hali hiyo kiasi kwamba nilikuwa tayari kuitumia kwenye kitu ambacho hakina toleo la kurudia.

Niliporudi alikuwa ameketi karibu na gurudumu la mbele, akinywa maji ya chupa. Akafunga kifuniko, akainua chupa nusu tupu, akaigeuza kichwa chini.

"Upepo uko wapi?"

"Juu."

"Na kifuniko?"

"Chini."

"Ukifungua kifuniko, kitatoka nini?"

Nikaangalia kalipa. Nipo ilikuwa chini.

Nilikuwa nimefunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Mashimo ya bolti yanakubali upande wowote, kwa hiyo hakuna kitu kilichonizuia. Tofauti pekee ni kwamba nipo inakwenda chini badala ya juu, na upepo unabaki umejificha kwenye dari ya kalipa, juu ya tundu, ambako ungeweza kukanyaga pedali hadi Krismasi bila kuutoa. Yale maandishi ya kalamu nyeupe? Yalikuwa sahihi kwa mtu aliyesimama mbele ya gari akilitazama usoni. Mimi niliyasoma kama dereva aliyeketi. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza kushoto kwa nani.

Miaka minne ya chuo, na nimeandika msimbo wa ramani ambao kazi yake yote ni kujua mhimili unaanzia wapi.

Na yale mabomba mazuri? Yalikuwa yamekunjwa kufuata kalipa zilizogeuzwa. Yote mawili yakaenda kwenye pipa la vyuma chakavu.

Kurudi nyuma hatua moja moja

Fundi aliniambia nitoe pia masta silinda kubwa na kurudisha ile ya asili, tuliyoibadilishia mipira. "Umebadilisha vitu viwili. Sasa hujui ni kipi kimesaidia." Hiyo ndiyo kanuni niliyowaambia hapo juu kwamba nitaifuata.

Tukabadilisha kalipa upande, nikakunja mabomba mapya usiku (mawili yaliharibika, si manne), Ijumaa asubuhi tukatoa upepo. Mapovu yaliyotoka kwenye nipo ya kwanza yalikuwa mengi kama ya sabuni. Chupa moja tu ya mafuta ilitosha. Pedali ikasimama juu, ngumu, mara ya kwanza.

Na masta silinda ndogo nimeiacha. Pedali inasafiri kidogo zaidi kuliko zamani, ni kweli, hesabu haikukosea hapo. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema upande wa pili: ukisukuma kwa nguvu ya nyutoni 1,000, silinda ya 7/8 inatoa shinikizo la megapaskali 2.58, na ya 15/16 inatoa 2.25. Ndogo inataka mguu mwepesi. Mimi napenda mguu mwepesi.

Kwenye uwanja wa murram ulio mtupu tulijaribu kufunga breki ghafla mara nyingi. Magurudumu ya mbele yanabana kabla ya ya nyuma. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ya nyuma yakitangulia gari linageuka. Kisha nikaenda kuzoesha pedi mpya kwenye diski: kupunguza mwendo mara nyingi bila kusimama kabisa, halafu kuendesha bila breki ili zipoe.

Jumamosi

Mnunuzi alikuwa anakuja saa nane mchana. Saa kumi na mbili asubuhi nilimgongea baba mlango. Alikuwa amekwisha kuvaa koti.

Alisimama kando ya gari, akapitisha mkono juu ya tairi la mbele kama anayepapasa ng'ombe. Akauliza swali moja tu.

"Nani alifunga bolti?"

"Mimi."

"Fundi aliangalia?"

"Aliangalia moja moja."

Akaingia, akafunga mkanda.

Tuliteremka barabara ile ile. Gia ya pili tangu juu, malori yale yale, breki kidogo inapohitajika. Nilikuwa nasikiliza kila harufu. Katikati ya mteremko nilijikuta nimeacha kupumua nikapumua. Tulipofika chini tukasimama kwenye lile kanisa dogo ambalo Waitaliano wale walilijenga mwaka 1942, nikashuka na kuweka kiganja karibu na rimu. Joto lilikuwepo, la kawaida. Mafuta kwenye chupa ya masta yalikuwa safi. Nikabonyeza pedali nikiwa nimesimama: juu, ngumu.

Baba alikuwa bado ameketi. Aliniambia niende hadi Naivasha, kuna mahali anataka nione. Tulikwenda. Sasa ni kituo cha mafuta. Alionyesha kwa kidole upande wa barabara, akasema alikuwa amesimama hapo, na mimi nikatazama hapo kwa heshima, ingawa hapakuwa na kitu isipokuwa mama mmoja anayeuza viazi.

Kwenye njia ya kurudi simu yake ililia. Alikuwa yule bwana, ameshafika nyumbani mapema na mama anampa chai. Baba alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia, "Ndugu yangu, bei imepanda." Akakata.

Hajaniambia imepanda hadi ngapi.

Kwa mnaotaka kujaribu, kwenye gari lolote: badilisheni mafuta ya breki hata kama yanaonekana mazuri, tazameni umri wa hosi, nipo iwe juu daima, badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, na tafuteni mtu mwenye ujasiri wa kuwanyang'anya ufunguo. Wenye maswali kuhusu bomba za kukunja mniulize, sasa nimeharibu ya kutosha kuwa mwalimu.

Wiki ijayo, hifadhidata. Naahidi.